Kichwa Kitoke Polepole

Ukitaja Junju mbele ya watafiti wa malaria, iwe Nairobi au London, wengi watakuambia wanaijua. Kwa miaka mingi watoto wa wadi hiyo ya Kilifi Kusini wamekuwa wakifuatiliwa na wafanyakazi wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wakipimwa joto wiki baada ya wiki na kutolewa damu, na matokeo yao yamejaza majarida ya sayansi. Mama zao hawana umaarufu huo. Jeraha ambalo mama hutoka nalo leba hakuna anayepita nyumbani kulipima, na mara nyingi mwenyewe hulificha hata kwa dada yake.

Jeraha hilo ni kuchanika msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Nchini Uingereza, ambako hesabu hizi huwekwa kwa makini, wanawake hadi tisa kati ya kumi wanaojifungua kifungua mimba kwa njia ya kawaida huchanika kwa kiasi fulani. Wengi huchubuka ngozi tu, au huchanika ngozi na misuli kidogo, hushonwa, na baada ya wiki chache huwa wamesahau. Hayo ni madaraja mawili ya kwanza. Daraja la tatu ni pale msuli unaofunga njia ya haja kubwa unapokatika. La nne, mpasuko unapofika hadi ndani ya utumbo wenyewe. Huko Uingereza madaraja haya mawili huwapata kama wanawake watatu katika kila mia wanaojifungua kwa njia ya kawaida, na kwa wenye mimba ya kwanza idadi hukaribia sita.

Mipasuko mikubwa isiposhonwa vizuri, tena chumba cha upasuaji na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, mama anaweza kuanza kupitisha upepo bila hiari, kisha choo. Hapo ndipo anapoacha kwenda harusini, anapokaa nyuma kabisa kanisani au msikitini, na anapohama chumba cha mumewe bila kumweleza sababu. Majirani husema ana fistula, ingawa fistula ni tundu, na mara nyingi huletwa na uchungu uliokwama kwa muda mrefu. Huyu tatizo lake ni msuli uliokatika. Yote mawili hutibika, lakini lazima mtu aseme.

Sasa kinga. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo kuhusu huduma wakati wa kujifungua, na ukiisoma sehemu inayohusu msamba utashangaa jinsi vifaa vyake vilivyo vya bei nafuu: maji ya uvuguvugu, kitambaa safi, mkono wa mkunga. Kitambaa huchovywa katika maji hayo, hukamuliwa, kisha huwekwa kwenye msamba wakati mama anasukuma na kichwa kinashuka. Majaribio yaliyokusanywa na watafiti wa mtandao wa Cochrane yalionyesha kuwa kitambaa hicho hupunguza mipasuko ya daraja la tatu na la nne kwa takriban nusu. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika haikosi sufuria ya maji.

Halafu mkono. Kichwa kinapotokeza, mkunga hukizuia kwa kiganja kimoja kisiruke nje ghafla, na kwa mkono mwingine huushikilia msamba. Wakati huo mama haambiwi asukume. Anaambiwa aache, aheme kwa pumzi fupifupi kama mtu aliyetafuna pilipili mbuzi, ili tumbo la uzazi lenyewe limalizie kazi. Norway waliwafundisha upya wakunga wao ustadi huu katika miaka ya 2000, na katika hospitali zilizouzingatia mipasuko mikubwa ilipungua kwa nusu au zaidi.

Kwa hiyo pesa si kisingizio kikubwa. Kinachokosekana ni utulivu, na utulivu unataka watu. Mwanamke aliyebeba kifungua mimba anaweza kuchukua hadi saa tatu tangu njia ifunguke kabisa mpaka mtoto atoke, bila jambo lolote kuharibika. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, akiwa na mzazi wa pili anayelia kitanda cha pili, hana saa tatu za kumpa mtu mmoja. Ndiyo maana zile kelele: sukuma, sukuma, wataka kumuua mtoto? Ndiyo maana pia kuna wanaokandamiza tumbo kwa mikono kumharakisha mtoto, jambo ambalo miongozo ile ile inalikataa waziwazi. Serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika vituo vya umma Juni 2013, na baadaye kuleta mpango wa Linda Mama, wanawake waliitika. Takwimu za kitaifa zinaonyesha waliozalishwa na mtaalamu walipanda kutoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi 89 mwaka 2022. Ni mafanikio makubwa, lakini sioni kama wauguzi wameongezwa kwa kasi hiyo.

Kuna pia suala la kulala chali. Mtindo huo ulienezwa Ufaransa katika karne ya 17, na daktari François Mauriceau ni mmoja wa waliousifu, kwa kuwa humrahisishia mzalishaji kazi. Bibi zetu walichutama au walipiga magoti, mwanamke mwenzao akiwashika mgongo. Lakini tusidanganyane kwamba ya kale yote ni dawa: kuchutama huwapunguzia wanawake kukatwa msamba, ila hakujathibitika kuzuia kuchanika. Wakunga wengi hupendelea mama alale ubavu au ashike magoti na mikono, kwani hapo kichwa hakina haraka. Mama ana haki ya kuomba hivyo, na aombe mapema, kabla uchungu haujamnyima sauti.

Kukatwa, au kuongezewa njia kama wanavyosema wodini, kuna kisa chake. Mwaka 1920 Joseph DeLee wa Chicago aliwashauri madaktari wenzake wawakate wanawake kabla hawajachanika, kwa hoja kwamba mkato ulionyooka hushonwa vizuri kuliko mpasuko. Hoja hiyo ilitawala hospitali nyingi duniani kwa miongo mingi bila kupimwa sawasawa. Utafiti mkubwa wa Argentina uliochapishwa mwaka 1993, uliohusisha wanawake 2,606, ulilinganisha kukata kama desturi na kukata pale tu inapobidi. Mipasuko mikubwa haikupungua kwa kukata ovyo. Leo mkato hubaki kwa dharura, mfano mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka, na sharti uelekezwe pembeni, mbali na njia ya haja kubwa.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Kuanzia wiki ya 34 au 35 ya ujauzito, mara moja au mbili kwa wiki, mwanamke aliyenawa mikono na kukata kucha huingiza kidole gumba sentimita tatu au nne ukeni, akiwa na mafuta safi yasiyo na manukato, akabonyeza taratibu kuelekea chini na pembeni kwa dakika tano hadi kumi. Mume anaweza kusaidia, ingawa najua wengi watacheka wakisoma hapa. Ni kwa mimba ya kwanza hasa. Wanawake kama 15 wafanye hivyo ndipo mmoja aepuke kushonwa, si muujiza, lakini hakuna gharama. Mwenye kutokwa damu, mwenye kondo lililokaa chini, mwenye maambukizi ukeni au ambaye chupa imepasuka asijaribu.

Na baada ya kujifungua, zile siku arobaini. Kukandwa kiuno na mgongo ni raha, ila maji moto yasimwagwe kwenye nyuzi. Ngozi iliyoshonwa huungua upesi. Maji safi ya kawaida yatosha kujiosha. Mapapai, mchicha na maji mengi ya kunywa husaidia choo kilainike, maana kujikamua kwa nguvu huumiza kidonda. Kubana misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, mara kadhaa kwa siku, kuanze mara tu maumivu yanaporuhusu.

Kabla ya kutoka wodini, mama aulize amechanika daraja gani, na kama amechunguzwa hadi njia ya haja kubwa, kwani mpasuko wa msuli hujificha chini ya ngozi isiyo na dalili. Jibu liandikwe katika kitabu chake cha kliniki. Likiwa la tatu au la nne, au upepo ukianza kumponyoka wiki zijazo, aende hospitali ya kaunti; Junju iko kusini ya daraja la Kilifi na hospitali iko ng'ambo yake. Aende na kitabu hicho, na mimba inayofuata akionyeshe siku ya kwanza ya kliniki, maana huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji.