Waya wa Intaneti ya Nyumbani Rusizi: Shaba Kwanza, Namba Baadaye

Waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta au televisheni una nyuzi nane nyembamba ndani yake, zilizosokotwa mbili mbili hadi zikawa jozi nne. Msokoto huo una kazi. Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu, kwa sababu nyuzi mbili zinapokwenda sambamba bila kusokotwa hudaka kelele za nyaya za jirani. Zikisokotwa, kelele huingia kwa kipimo kilekile katika nyuzi zote mbili, na chombo kinachopokea hupima tofauti kati yao tu. Kelele hujifuta, ujumbe ukabaki. Nyaya zinazouzwa leo katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, zinatumia kanuni hiyohiyo.

Kinachotofautisha waya mmoja na mwingine ni jinsi ulivyosokotwa, unene wa nyuzi zake na umakini wa kiwanda, na hayo yote hufupishwa kuwa namba iliyochapishwa ubavuni. Cat 5 ni wa enzi za megabiti 100 kwa sekunde, na hauna sababu ya kununuliwa tena. Cat 5e hupitisha gigabiti 1, yaani megabiti 1,000, kwa umbali wa hadi mita 100. Cat 6, uliopata viwango vyake mwaka 2002, nao hupitisha gigabiti 1 kwa mita 100, na huweza kufikia gigabiti 10 kama waya hauzidi takriban mita 55. Cat 6A hubeba gigabiti 10 hizo kwa mita 100 nzima. Cat 8 ulitengenezwa kwa vyumba vya seva, ambako mashine zinatazamana, na kasi yake kubwa inaishia mita 30. Anayeuweka sebuleni ili filamu zisikwame amenunua lori la kubebea kilo moja ya sukari.

Namba hizo huwapotosha wanunuzi kwa sababu waya hauzalishi kasi. Hupitisha ile iliyoingia ndani ya nyumba. Nyumba iliyolipia kifurushi cha megabiti 20 itapata megabiti 20 kwa Cat 5e, na itapata hizohizo kwa Cat 8. Kwa Rusizi, safari ya data huanza mbali. Rwanda haina bahari, hivyo data hufika kutoka kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kama SEACOM uliowashwa mwaka 2009, kupitia Mombasa na Uganda au kupitia Dar es Salaam na bara la Tanzania. Watanzania huita waya wa namna hiyo mkongo. Huku, ambako Bukavu ya Kongo iko ng'ambo ya mto tu, neno hilo humfanya msikilizaji afikirie mtu wa Kongo kabla ya waya. Ndani ya nchi data hubebwa na mtandao wa faiba wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000 ulioziunganisha wilaya. Kamembe iko pembe ya kusini magharibi kabisa, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe ukitokea Kigali. Wasiofikiwa na faiba hutumia ruta za laini ya simu, au, tangu Februari 2023, sahani za Starlink. Kama tatizo liko katika safari hiyo, hakuna waya wa dukani utakaolitibu.

Waya husaidia pale ambapo kasi inapotelea ndani ya nyumba yenyewe. Tuseme ruta iko sebuleni, kijana anasoma katika chumba cha uani, na kati yao kuna kuta mbili za matofali. Waifai hufika huko imechoka. Njia rahisi ya kujua kasi inapotelea wapi ni kuipima mara mbili: kwanza kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya mfupi, kisha kwa waifai ukiwa chumba cha mbali. Kipimo cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibovu, waya utaleta nafuu. Vyote viwili vikiwa vibovu, wa kupigiwa simu ni kampuni ya intaneti.

Baada ya hapo ndipo linakuja jambo ambalo lina uzito kuliko namba: nyuzi za ndani ni za nini. Nyaya nyingi za bei ya chini zinang'aa kama shaba lakini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba, hukatika upesi ikikunjwa kunjwa, na viwango vya Cat 5e au Cat 6 haviikubali, hata kama namba hizo zimeandikwa ubavuni kwa wino mzito. Udhaifu wake huonekana zaidi waya unapobeba umeme pamoja na data, kama unaokwenda kwenye kamera ya getini au antena ya juu ya bati: waya hupata joto, na kifaa cha mwisho hupungukiwa nguvu, kikawa kinazima na kuwaka.

Kuitambua alumini hiyo hakuhitaji mashine. Kwanza lisomwe ganda. Herufi CCA maana yake ni alumini iliyopakwa shaba, na wenye viwanda wakweli huziandika. Pili boksi linyanyuliwe. Boksi kamili lina mita 305, na la shaba ni zito kwa namna ambayo mkono wenyewe unatambua. Lililo jepesi kama karatasi linajieleza. Tatu, na hili ndilo la uhakika, uchukuliwe uzi mmoja ukwanguliwe kwa wembe. Shaba tupu hubaki nyekundu hadi kwenye kiini. Alumini hutoa weupe wa bati baada ya mikwaruzo miwili mitatu. Muuzaji anayekataa kipande cha sentimita tano kikwanguliwe mbele ya mteja ameshajibu swali.

Unene nao huandikwa kwa namba, na namba hiyo huenda kinyume: 23 ni nene kuliko 24, na 24 ni nene kuliko 26. Kwa waya wa kupita ukutani, 23 au 24 ndiyo inayofaa, na kila uzi uwe mmoja mzima. Zile nyaya laini ambazo kila uzi wake umetengenezwa kwa vinyuzi vingi ni za vipande vifupi vya mezani, kati ya soketi na kompyuta.

Waya bora huharibiwa na mikono ya haraka. Gigabiti 1 hutumia jozi zote nne. Megabiti 100 zinahitaji mbili tu. Ndiyo maana uzi mmoja wa kahawia usioshika vizuri ndani ya plagi hauzimi intaneti. Mara nyingi kasi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, na mwenye nyumba akaishi nayo miaka. Mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta huonyesha namba hiyo. Ikisoma 100 mahali palipostahili 1,000, plagi ikatwe ibanwe upya. Rangi hupangwa hivi, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, na ncha zote mbili zifanane. Fundi asifumue msokoto zaidi ya sentimita 1.3. Waya usipigwe misumari ukabonyea, usikunjwe kwenye kona kama karatasi, na usifungwe pamoja na nyaya za umeme wa nyumba.

Nje ya nyumba kanuni hubadilika. Ganda la plastiki la kawaida, la kijivu au la buluu, hupasuka kwa jua na kuruhusu maji ya mvua kuingia. Waya wa nje huwa na ganda gumu jeusi la poliethilini, na bei ya ziada hulipwa mara moja tu. Ule wenye karatasi ya alumini ya kuzuia kelele hauna faida ya maana nyumbani, na kama karatasi hiyo haikuunganishwa na ardhi, fedha imetupwa.

Halafu kuna radi. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa mahali penye radi nyingi kuliko popote duniani, na nafasi ya pili ikaenda mashariki mwa Kongo. Rusizi ni jirani wa karibu wa ukanda huo. Waya wa shaba uliopita hewani kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya nyuma ni njia ya wazi ya kuingizia umeme wa radi, na radi si lazima ipige waya wenyewe. Ikipiga karibu inatosha kuunguza ruta na kompyuta. Kati ya majengo mawili, kipande cha faiba chenye kigeuzi kila upande ni salama zaidi, kwani faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme.

Kwa nyumba nyingi za Kamembe, Cat 6 ya shaba tupu, yenye unene wa 23, inatosha kwa miaka mingi ijayo, na Cat 5e ya shaba tupu ni bora kuliko Cat 6 ya alumini. Ngurumo zikianza upande wa Bukavu, ichomolewe plagi ya umeme ya ruta pamoja na kila waya wa mtandao unaotoka nje. Kuzima swichi ya ukutani peke yake huacha mlango wa pili wazi.