Elimu ya Gari, Sehemu ya 5: Taa Nyekundu ya Breki na Nahodha wa Liuli

Habari za ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay, ambazo magazeti hayajachoka kutuletea, zimewatia watu wa huku kwetu Ukata, na wa Mbinga nzima, hamu ya kuteremka ziwani kila wapatapo nafasi. Na kwa kuwa lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi ufukweni imetuondolea lile tope lililokuwa likiwarudisha nyuma hata wenye magari madhubuti, leo mtu aliyeuza kahawa yake akanunua gari la familia lililotoka Japani humpakia mkewe, watoto na mama mkwe, akashuka nao kutoka milimani hadi penye maji yaliyo kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, bila ya kujiuliza ni kitu gani kinachomzuia asifike huko kabla ya wakati wake.

Kitu hicho, kama watakavyokumbuka waliosoma sehemu ya tatu, ni mafuta kidogo yaliyofungiwa katika bomba jembamba. Kanuni yake aliibainisha Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, lakini gari la kuuzwa kwa watu lenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne halikupatikana mpaka Duesenberg ya Marekani ya mwaka 1921. Ikabaki kasoro moja ya kutisha, nayo ni kwamba bomba likitoboka mahali pamoja, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Ndipo Wamarekani wakayalazimisha magari yao, tangu mwaka 1968, yawe na njia mbili za mafuta zisizotegemeana, pamoja na taa nyekundu ya kumwarifu dereva kwamba njia mojawapo imekufa.

Hapa naomba radhi, kwani siwezi kuandika juu ya onyo nisiipitie Liuli, ingawa nadhani mhariri amekwisha choka nayo. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali ambalo machoni mwao lilifanana na sanamu ya Misri, na ambalo wenyeji wanalijua kwa jina la Pomonda. Hapo, mwezi wa Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa sahibu wa Rhoades, nahodha wa Gwendolen ya Waingereza wa Nyasaland, na wawili hao walizoea kunywa pamoja. Tarehe 4 Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani. Rhoades akaletewa habari, Berndt hakuletewa. Tarehe 13 Gwendolen ikatokeza ikaanza kupiga mizinga, naye Berndt, kwa ghadhabu ya mtu aliyefanyiwa mzaha mbaya, akaingia katika mashua ndogo akamwendea rafiki yake kumwuliza kama amelewa. Alipofika akaambiwa kuwa yeye ni mateka. Siku tisa vita vimewaka, na mtu yumo katika kutengeneza meli! Waingereza waling'oa baadhi ya vyuma vya mtambo wake wakaenda zao, na wenye kuhesabu mapigano ya majini ya vita ile huliweka tukio hili la ziwa letu miongoni mwa ya mwanzo kabisa.

Mimi sijapata kumlaumu Berndt, maana hakuna aliyemwambia. Mwenye gari hana udhuru huo. Yeye ameletewa waya mpaka mbele ya pua yake.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia, akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, breki imeshuka, nakanyaga mpaka chini."

"Na taa je?"

"Ilikuwa ikiwaka nikikata kona za kuteremka, nikifika tambarare inazima. Fundi akaitengeneza."

Nikafunua boneti. Katika kile kichupa cha mafuta ya breki, kiplagi chenye nyaya mbili kilikuwa kimechomolewa kinaning'inia, na mafuta yamekwisha pita chini ya alama ya MIN. Huyo fundi, ambaye sitamtaja jina wala mtaa, alikuwa amemziba mdomo mjumbe akatoza pesa. Na kwa kuwa swichi ya hendibreki ni nyingine, taa iliendelea kuwaka ilipovutwa na kuzima iliposhushwa, hata mpwa wangu akaridhika kwamba ni nzima. Udanganyifu wa namna hii naona ni dhuluma kubwa kuliko wizi wa spea.

Sababu yenyewe ilikuwa nyepesi. Pedi za breki zikilika, pistoni husogea mbele kulifuata diski, mafuta huzifuata pistoni, na kichupani hupungua. Boya likishuka, taa huwaka, na huanzia katika kona na miteremko kwa kuwa mafuta huegemea upande mmoja. Tulivua magurudumu. Hapakuwa na unyevu wowote wa mafuta katika mabomba wala hozi, lakini pedi, ambazo zikiwa mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi na hazistahili kuachwa zipungue 3, zilikuwa zimebaki mfano wa sarafu. Tulipotia mpya na kuzirudisha pistoni nyuma, mafuta yalipanda yenyewe. Lau angalikuwa ameyajazia kwanza, yangalimwagika yakababua rangi ya gari.

Nayo mafuta yenyewe yalikuwa meusi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani: ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, yakishaingia maji huweza kuchemka kwenye 140, na aliyeteremka mlima wote mguu ukiwa juu ya breki, badala ya kuingiza gia ndogo, huyafikisha hapo bila taabu, yakageuka mapovu, na kikanyagio kikazama. Tuliyabadili yote, tukatoa upepo gurudumu baada ya gurudumu, nikakirudisha kiplagi mahali pake. Mafuta ya injini yasitiwe humo hata kwa dharura, kwani huvimbisha mipira.

Wenye taa ya manjano ya ABS wanisubiri katika sehemu ya 6. Mwenye nyekundu, ikiwa hendibreki ameishusha na taa bado inawaka, asinisubiri; aegeshe gari pembeni, afunue boneti, akitazame kichupa.