Sura ya Nkambo Ilipotelea Wapi?

"Weye mutoto, mimi niko wapi humu?"

Ndivyo nkambo yangu alivyouliza siku nilipomletea foto ya ubatizo wa wajukuu wake, kule Kabongo. Nilimwonyesha kwa kidole: huyu hapa, katikati. Nguo yake nyeupe ilionekana, na mto nyuma yake uling'aa kama kioo. Lakini sura? Makala tupu. Nkambo alicheka, akanirudishia. Nikamwambia, usijali, siku ya Noeli nitapiga ingine. Noeli haikumkuta.

Ndugu vijana, wengi wenu mmeanza kazi hii ya foto, kwenye arusi na matanga, ili kupata feza ya masomo. Basi nisikilizeni kidogo, sababu kosa lile halikuwa la apareyi. Lilikuwa langu. Niliiacha ijipange yenyewe.

Apareyi haijui nani ni nkambo. Inapima nuru yote iliyo mbele yake, inaichanganya, halafu inataka jumla yake iwe ya katikati, kama rangi ya majivu. Foto yangu ilijaa mto, mbingu na nguo nyeupe. Mashine ikaona nuru imezidi, ikaipunguza. Maji yakatulia vizuri, na mtu mweusi akazama gizani. Kinyume chake pia kipo: sura nyeusi ikijaza foto yote, mashine inaongeza nuru kupita kiasi, na ngozi inakuwa kama imepakwa vumbi la kipwa.

Hata zamani za filamu tulikuwa na shida. Maabara nyingi zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley. Kati ya waliolalamika mpaka filamu ikatengenezwa vizuri zaidi walikuwa wauzaji wa chokoleti na wa meza za mbao! Kucheka ao kulia, mtachagua wenyewe.

Sasa, nuru inaongozwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni tundu la lensi. Hapa wanaoanza wanachanganyikiwa: namba ndogo, kama f/4, ni tundu kubwa; f/16 ni tundu dogo. Cha pili ni mwendo wa kufunga: 1/500 ni haraka sana, 1/30 ni polepole, na mkono ukitetemeka foto inachafuka. Cha tatu ni ISO, yaani namna apareyi inavyosikia nuru. Ukiipandisha unaona hata usiku, lakini foto inakuwa na chembechembe kama unga wa mahindi.

Wazee wa kazi wana hesabu moja isiyodai mashine. Jua likiwa kali, weka f/16, na mwendo ulingane na ISO: ISO 100, weka karibu 1/100. Ukiingia kwenye kivuli kilicho wazi, chini ya mwembe kwa mfano, anza na ISO 200, f/5.6 na 1/250, halafu angalia.

Na sura? Sogea karibu mpaka ijaze kioo, pima hapo, ukumbuke ile ya vumbi la kipwa na upunguze kidogo. Shika namba hizo, rudi nyuma, upige. Ao tafuta kitufe chenye alama ya + na −. Mtu mweusi akiwa mbele ya mto ao mbingu, peleka kwenye +1. Mbingu itaungua. Iache iungue! Hakuna mama atakayelipa sababu ya mawingu. Saa sita jua linatia giza machoni, basi uwatoe watu juani, na mwenzako ashike shuka nyeupe chini kidogo ili nuru irudi usoni.

Sisi watu wa migodi tunajua foto inavyoishi kuliko mwenye kuipiga. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua foto za kikoloni za wafanyakazi akaziweka juu ya foto zake za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kazi hiyo inaitwa Mémoire. Mimi nikiitazama ninawaza: aliyewapiga wanaume wale alikuwa na sababu zake, si lazima nzuri, lakini alijua kupima nuru. Ndiyo maana leo tunaweza kuwaangalia usoni.

Foto ya ubatizo ingali kwetu, ukutani. Nilijaribu kuifungua kwa ordinatere. Giza likawa kijivu tu, bila macho wala kinywa. Mama ameandika chini yake kwa biki, "Huyu wa katikati ni nkambo," sababu watoto waliozaliwa nyuma wanauliza kila mara.