Manifodi Ngeni Katika Injini Iliyobadilishwa

Katika wilaya za Biharamulo na Ngara, ambako lami itokayo Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga ikielekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, aghalabu gari huendelea kutumika kwa sababu tu fundi ameweza kuoanisha viungo vya injini mbili, maana spea iliyo sawasawa yamkini haipatikani ila Gerezani, Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Miongoni mwa viungo hivyo, manifodi ya hewa ndiyo inayodanganya kuliko vyote, kwani bolti zake zaweza kukaza barabara ilhali njia za hewa hazikukutana. Kazi yake ni kupokea hewa iliyochujwa na kuigawa kwa kila silinda. Na maadamu injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuunguza kilo 1 ya mafuta, hewa inayojipenyeza kwenye maungio huvuruga mizani hiyo, gari ikakataa kukaa sailensa, kama wasemavyo mafundi, yaani kunguruma kwa utulivu pasipo kukanyagwa mafuta.

Mfano mashuhuri ni bloku ya Toyota 7A, ya lita 1.8, inapofungwa silinda hedi ya 4A-GE ili ivute pumzi kwa wepesi zaidi. Hedi zenyewe zinatofautiana: za awali zina matundu makubwa, na zile zilizotoka kuanzia 1989 zina matundu madogo, hata manifodi ya moja haiikubali nyingine. Tundu la manifodi likizidi la hedi, ukingo wa hedi huizuia hewa. Likipungua kidogo, madhara huwa hafifu.

Dawa yake ni bamba nene la aluminiamu, lililotobolewa safu mbili za bolti na kukerezwa njia zinazobadilika taratibu kutoka umbo moja hadi jingine, kisha nyuso zake zikapimwa kwa rula ya chuma, na gasketi ikawekwa kila upande. Upenyo uliosalia si jambo dogo katika barabara za vumbi, kwani vumbi lisilopita kwenye chujio husaga ringi za pistoni.

Fauka ya hayo, busta ya breki hupata mvuto wake kutoka manifodi hiyo hiyo, na katika mwinuko wa mita 1,500, ambao Ngara huupita, shinikizo la hewa limekwisha kupungua kwa takriban sehemu moja ya sita kulinganisha na pwani, kwa hiyo mvuto wenyewe ni haba. Mwenye gari, kabla ya kuteremka kwenda Rusumo, na akanyage breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, aushikilie mguu hapo, kisha awashe: pedali isiposhuka kidogo, gari na irudi gereji, hata kama injini yanguruma vizuri.