Pasaka bila hamira: familia za Kampala zasaka vitabu ughaibuni, walimu wako Mbale

KAMPALA. Siku chache kabla ya Pasaka, mzazi aliyeamua kuifuata Kutoka 12 nyumbani kwake huanza kwa kupekua kabati la jikoni. Mkate wa slesi unatolewa, mandazi yanatolewa, pakiti ya hamira inatolewa. Kisha mtoto anauliza swali ambalo kitabu kilichopakuliwa kwenye simu hakina jibu lake: na chapati je?

Chapati ya kawaida ni unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta. Hamira haimo. Lakini mpishi yeyote wa rolex atakuambia donge lazima lipumzishwe ndipo lilainike, na hapo ndipo Wayahudi wanapoikataa: kwao unga wa ngano ukishaguswa na maji una dakika 18 tu za kukandwa na kuokwa, la sivyo unahesabika umechacha. Bushera nayo imechacha waziwazi, ila sheria hiyohiyo ya Kiyahudi inahesabu nafaka tano tu, ngano na shayiri zikiwamo, na mtama na ulezi hazimo. Familia ya Kikristo si lazima ifuate dakika 18. Lakini inapaswa kujua inafuata nini, na kwa nini.

Familia hizi zipo, ingawa si nyingi. Baadhi ni za makanisa madogo yanayoshika Sabato ya Jumamosi pamoja na sikukuu za Walawi 23: Pasaka na Mikate Isiyotiwa Chachu, Majuma, Baragumu, Upatanisho na Vibanda. Wengine ni waumini wa makanisa ya kawaida wanaotaka watoto waelewe Yesu alikuwa anakula nini usiku ule wa mwisho. Waadventista, ambao Jumamosi yao inajulikana mji mzima, hawamo kwa ujumla wao. Kanisa lao halidai sikukuu za mwaka.

Shida yao ni vifaa. Vitabu vingi vya watoto vinavyopatikana vimeandikwa Marekani kwa Kiingereza. Vinaeleza Pasaka kama sikukuu ya majira ya kuchipua, majani yanaporudi baada ya baridi. Mtoto wa Ntinda au Kawempe hajawahi kuona mti ukipukutika kwa theluji. Mboga chungu inaelekezwa kuwa mzizi ambao sokoni Nakasero ni wa kutafuta kwa tochi, wakati katunkuma ziko kila genge, na uchungu wake haubishaniwi.

Kinachoshangaza ni kwamba Uganda iliwahi kujitengenezea vifaa vyake, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika 1896, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta. Toleo moja lilichapwa jembamba na nene ili liingie katika kopo la biskuti la Huntley & Palmers, mchwa wasilile. Kizazi kilichoipokea Biblia hiyo kilisoma Agano la Kale bila kungoja kufafanuliwa. Mmoja wao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda na Mprotestanti aliyewatekea Waingereza mashariki ya nchi, kisha akavunjika moyo walipomnyima ufalme alioutarajia. Alijiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo lililokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 akaenda mbali zaidi: akatahiriwa, yeye na wanawe, na kundi lake likaitwa Abayudaya.

Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa 90 hivi chenye kanuni na sala. Wakati huo wafuasi wake walikuwa bado nusu Wakristo. Walibatiza na kusoma Agano Jipya. Aliyewanyoosha katika kalenda na vyakula ni Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Kakungulu alifariki Novemba 1928, lakini jamii yake ingali Nabugoye, nje ya Mbale, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda na kwa mahadhi ya hapa hapa. Albamu yao ya 2003 iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Pasaka kwao si hadithi ya Misri peke yake. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kificho. Jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala Aprili 11, 1979. Jioni ya siku hiyo ndipo Pasaka ya mwaka ule ilipoingia.

Mkristo anayekwenda kujifunza Nabugoye aende kama mgeni, si kama mnunuzi. Wapo Wayahudi wengi duniani wanaochukizwa kuona utaratibu wao wa mezani, uliopata sura yake baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, ukichukuliwa na kuvishwa maana nyingine. Kuuliza namna ya kupika mkate ni jambo moja. Kudai meza ni lako ni jingine.

Makanisani nako kuna ubishi. Wachungaji wengi huona sikukuu hizi ni kurudi chini ya Sheria, nao hunukuu Wakolosai 2:16. Wanaozishika hunukuu aya hiyohiyo, wakisema inakataza watu kuwahukumu.

Ubishi mzito zaidi ni wa kalenda. Mwaka 2024 Wakristo walisherehekea Pasaka Machi 31, lakini ya Kiyahudi iliingia jioni ya Aprili 22. Serikali inatoa mapumziko kwa ile ya kwanza tu. Wanafunzi watatu Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walikwenda mahakamani kupinga mitihani ya Jumamosi. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba 2003, na Mahakama ya Juu ikatupa rufaa yao 2006. Ikiwa Sabato ya kila wiki haikuwaokoa na mtihani, mzazi mwenye siku nyingine saba za kuombea ruhusa afanye hesabu zake mapema, na amwambie mtoto ukweli.

Katika lugha, Kiganda kina nafuu. Biblia yake huita sikukuu ya Kutoka 12 Okuyitako, kupita juu, na Jumapili ya ufufuo ikabaki na jina lake. Kiswahili kinaziita zote mbili Pasaka, na mtoto huchanganyikiwa kuanzia Mwanza hadi Goma. Atakayeandika kitabu cha watoto kwa Kiswahili aanzie hapo. Upande wa saa Kiswahili ndicho chenye nafuu: wazee wa pwani huhesabu siku kuanzia magharibi, kama Walawi.

Kisha kuna Vibanda, sikukuu ya mavuno, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, mvua za pili za Kampala zikiwa zimeshaanza. Majani ya migomba yapo tele, lakini paa la kibanda kwa desturi ya Kiyahudi huachwa wazi kiasi cha kuona nyota. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zao, ilishalifikiria hilo: mvua ikifikia kuharibu uji ulio mezani, kila mtu ana ruhusa ya kuingia ndani.