Rejeta ya oili kwa Datsun ya zamani: Pima joto kwanza

MMILIKI wa gari la kale la michezo, tuseme Datsun 240Z, anayefika gereji za Ngarenaro jijini Arusha akihofia joto la injini, huenda akashauriwa afunge rejeta ya oili. Ushauri huo una mantiki, ila si kila gari linaihitaji, na lisiloihitaji laweza kuharibiwa nayo.

Datsun 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Sifa hiyo huwashawishi wenye magari hayo kutaka vifaa vya mashindano. Lakini gari la mashindano hukanyagwa mafuta kwa saa nyingi mfululizo, tofauti na lile linalotoka Ngarenaro hadi Mnara wa Saa na kurudi.

Oili hailainishi vyuma pekee. Hubeba pia joto la sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, hususan beringi za kranki. Hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzijoto 90 na 110. Ikikaa juu ya 130 kwa muda mrefu huwa nyepesi mno, presha hushuka na beringi huanza kulika.

Lisilosemwa sana ni madhara ya oili baridi. Isipopata moto wa kutosha hubaki na unyevu pamoja na petroli iliyopenya kwenye ringi za pistoni, na mwishowe hugeuka tope. Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hatari hiyo ni kubwa zaidi: asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, na kabureta iliyorekebishwa kwa hali ya pwani hupitisha petroli kupita kiasi kwa kuwa hewa ni nyepesi.

Geji ya joto iliyopo kwenye dashibodi ya 240Z haisaidii hapa, maana hupima maji. Fundi afunge geji ya oili, kisha gari liende Moshi na kurudi mchana wa jua. Marejeo yana mwinuko wa kutosha kulijaribu. Oili isipovuka 110, rejeta hiyo ni gharama ya bure. Ikivuka, yakaguliwe kwanza rejeta ya maji, feni na taimingi. Joto likiendelea kupanda baada ya hapo, ndipo ifungwe.

Kwa Porsche 911 za kale mjadala huu haupo: injini yake haina maji, na kipoza oili huja nayo tangu kiwandani.

Anayeamua kufunga asiache thamostati ya oili, ambayo huzuia oili kupelekwa kwenye rejeta kabla haijapata moto. Mipira nayo iwe ya kuhimili presha, isiguse eksozi wala kusuguana na bodi. Mmoja ukipasuka, injini hiyo yenye kama lita nne tu za oili hukauka kwa muda mfupi, na kranki ya gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1973 si kitu cha kuulizia duka la jirani.