Shimo la Choo Halijapungukiwa Bakteria

Swali ni lile lile, liwe limetoka Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe mjini au Maneromango, huku mkoani Pwani: nimwage dawa gani chooni ili shimo lisijae? Wengi wanaouliza wameshanunua tayari, wanachotaka ni kuthibitishiwa tu kwamba hawakuliwa hela. Wameliwa. Unga wa bakteria unaouzwa kwa jina la dawa ya choo, pamoja na jamaa zake wa nyumbani, yaani amira, chumvi, magadi, mafuta ya taa na maji ya betri, haupunguzi ujazo wa shimo kwa kiasi chochote ambacho mtu mwenye futi na subira anaweza kukipima. Si kwamba bakteria wa paketini ni wabovu. Wengine ni wazima kabisa. Tatizo ni kwamba shimo halijawahi kupungukiwa bakteria hata siku moja. Kinachokosekana humo ni hewa, na hewa haifungwi kwenye paketi.

Anayebisha atazame sakafu ya bahari, ambako maumbile yameendesha jaribio hilo hilo la kuwaachia vijidudu uchafu waushughulikie, kwa mamilioni ya miaka. Mto Ruvu unaopita Kibaha ukitokea Uluguru humwaga matope yake baharini upande wa Bagamoyo, na baadhi ya mabaki ya mimea na viumbe huzikwa chini ya maji pamoja na mizoga ya vijiumbe wa baharini inayoshuka mfululizo kutoka juu. Katika tope la pwani lenye chakula kingi, oksijeni huisha ndani ya milimita chache za juu. Kuanzia hapo vijidudu hushuka ngazi: hutumia naitreti badala ya oksijeni, ikiisha hugeukia manganizi na chuma, kisha salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo kiasi cha gramu 2.7 kwa lita. Salfeti nayo ikikauka, hubaki arkea, vijidudu wasio bakteria, wanaotengeneza gesi ya methani. Kila ngazi inayoshukwa, pato hupungua. Sukari inayovunjwa hadi kuwa methani humpa kijidudu takribani moja ya saba tu ya nishati ambayo angeipata kwa oksijeni. Kwa pato hilo kazi inakwenda taratibu, na vitu vigumu kama ligini, ile inayoupa mti ugumu wake, karibu haviguswi kabisa. Vinazikwa vilivyo.

Ushahidi mkali zaidi ulichapishwa mwaka 2020 na watafiti wakiongozwa na Mjapani Yuki Morono. Walilichunguza tope lililochotwa mwaka 2010 chini ya Pasifiki ya Kusini, tabaka la kale kuliko yote likiwa na miaka milioni 101.5. Oksijeni ilikuwemo, kwa sababu eneo lile ni jangwa la bahari na chakula kinachoanguka hakitoshi hata kuimaliza. Bakteria nao walikuwemo, hai, ila wamekaa tu. Walipopewa chakula maabara waliamka, wakala, wakazaliana. Hawa walikuwa na hewa bila chakula. Wenzao wa tope la pwani wana chakula bila hewa. Huku na huku, kitu pekee ambacho hakikukosekana ni bakteria wenyewe.

Sasa turudi chooni. Gramu moja ya kinyesi hubeba bakteria wanaokaribia bilioni 100, na wataalamu wanakadiria kwamba robo hadi nusu ya uzito wake mkavu ni bakteria watupu. Chukua paketi ya dawa ya gramu 100, tuifanyie hisani tuseme kila gramu ina bakteria hai bilioni moja. Jumla yake ni bilioni 100. Umelipa fedha yako kuongeza shimoni idadi inayoingia bure kwa gramu moja ya kinyesi, wakati mtu mzima huingiza zaidi ya gramu 100 kila siku, na tuseme nyumba ina watu sita. Wageni hao wanakuta wenyeji wamejaa, wamezoea giza, amonia na ukosefu wa hewa, na wameshakishika kila kinacholika. Wengi wanakufa, na maiti zao zinaongeza tope, ingawa kwa kiasi kisichostahili kulalamikiwa.

Shimo nalo linashuka ngazi ile ile ya baharini, tena haraka, maana salfeti ni haba. Baharini methani nyingi haifiki hata kwenye maji: huliwa njiani na arkea walioshikana na bakteria wa salfeti, ushirika ambao Antje Boetius na wenzake waliuonyesha mwaka 2000. Chooni ushirika huo hauna mtaji, kwa hiyo gesi inapanda na kutoka. Asiyeamini asijaribu kwa kiberiti.

Haya si ya kukisia. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal cha Durban kilizipima dawa za dukani maabara na katika vyoo vinavyotumika na watu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 hayakuonyesha kwamba dawa ilipunguza tope kuliko vyoo ambavyo havikuwekewa. Wauzaji hujibu kwa majaribio yao ya chupani. Tatizo la chupa ni kwamba ina mdomo mpana, tope kidogo na hewa tele, mara nyingine hata inatikiswa. Ndani yake kinyesi kinapungua kweli, na kingepungua hata bila dawa. Shimo la mita tatu halitikiswi na mtu.

“Mbona jirani alimwaga na tope likashuka?” Pingamizi hili ndilo linalouza paketi nyingi kuliko tangazo lolote, kwa hiyo lijibiwe kwa utulivu. Soma maelekezo nyuma ya paketi: koroga kwenye ndoo ya maji, umwage yote. Kinyesi hurundikana kama kichuguu chini ya tundu, na pembeni kunabaki nafasi. Ndoo ya maji inakilaza kichuguu, anayechungulia kutoka juu anaona tope limeshuka. Maji matupu yangefanya vivyo hivyo, tena bure. Pili, watu hununua dawa shimo linapotishia kufurika, na hilo hutokea zaidi masika, maji ya ardhini yakiwa juu. Mvua ikikatika maji yanarudi chini, tope linayafuata, sifa inakwenda kwa paketi. Tatu, udongo wa kichanga ulioenea Kibaha unakunywa maji ya shimo upesi kuliko ule mzito wa mfinyanzi, hivyo majirani wawili wenye idadi sawa ya watu wanaweza kuwa na mashimo yasiyofanana hata kidogo bila dawa kuhusika. Nne, harufu ikipungua mtu hudhani na tope limepungua. Ni mambo mawili tofauti.

Lipo pingamizi la pili, na hili lina hadhi kidogo. Watu wanasema: Kibaha yenyewe kuna kiwanda kinachotengeneza bakteria, serikali iliagiza halmashauri zinunue, iweje mseme bakteria hawafanyi kazi? Ni kweli kiwanda cha viuadudu kipo, kimejengwa kwa teknolojia ya Cuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zichukue dawa yake. Lakini bakteria wale, Bacillus thuringiensis israelensis na Bacillus sphaericus, wanauza sumu, hawauzi ulaji. Wanabeba fuwele za protini. Kiluwiluwi wa mbu akizimeza, utumbo wake unapasuka. Hawatakiwi kula kinyesi, wala kuwashinda wenyeji. Hata chooni wana kazi halali, maana yule mbu anayetunyima usingizi bila kutupa malaria anapenda sana kuzaliana kwenye makaro na mashimo yenye maji, na Bacillus sphaericus anahimili maji machafu. Mwaga kwa ajili ya mbu. Kwa ajili ya kujaa, ni bure.

Dawa za nyumbani hazistahili aya ndefu. Amira hula sukari, na sukari ilishafyonzwa tumboni kabla haijafika chooni. Chumvi nyingi, magadi makali, maji ya betri na mafuta ya taa huua au kudhoofisha vijidudu wale wale wanaokusaidia, halafu husafiri na maji hadi kisimani. Majivu hupunguza nzi na harufu, nayaunga mkono kwa hilo, lakini majivu ni kitu kigumu: kila kopo unalomwaga linakaa humo milele.

Linalosahaulika kabisa ni kwamba hata bakteria mwenye hewa, chakula na nia njema hawezi kukifuta kila kitu. Kaboni inaweza kuondoka kama gesi. Fosforasi haina gesi ya kuondokea; hushikwa na chuma na udongo, ikabaki. Mchanga unaoingia na nyayo na ndoo hauliwi na kiumbe yeyote. Naitrojeni, ambayo sehemu yake kubwa huja na mkojo, hugeuka amonia, na kwa kuwa shimoni hakuna hewa ya kuibadilisha, hupenya udongoni na kukutana na oksijeni huko, ikawa naitreti. Katika tope la bahari kuna vijidudu wanaoipokea naitreti na kuirudisha angani kama gesi ya naitrojeni, kwa sababu penye hewa na pasipo hewa panakutana ndani ya milimita chache tu. Kwenye mchanga mkavu wa kiwanja chako mpangilio huo ni dhaifu, na naitreti inakwenda na maji hadi kwenye kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa sababu ya watoto wachanga. Kwa hiyo anayejisifu kwamba choo chake hakijai miaka 20 aulize maji yake yanakwenda wapi kabla ya kumpongeza muuza dawa.

La kufanya, kwa kifupi. Wahandisi hukadiria tope la lita 40 hadi 60 kwa mtu kwa mwaka. Nyumba ya watu sita yenye shimo la mita za ujazo 2.5 za kutumika itafika miaka saba hadi kumi, mradi pampasi, taulo za kike, chupa na matambara visiingie. Hivyo ndivyo vinavyokata umri wa shimo, na kuvizuia hakuna gharama. Maji ya kuogea na kufulia yapewe shimo lake. Hili ni muhimu zaidi tangu mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe ulipozinduliwa mwaka 2020, kwa kuwa bomba likifika, choo cha kuvuta hufuata. Mwenye kiwanja chenye nafasi achimbe mashimo mawili, atumie moja, alifunge miaka miwili, ndipo atoe kilichomo kama mbolea ya miti. Choo cha minyoo kinafanya kazi kweli, kwa sababu kinaingiza hewa. Kinataka fundi anayekijua. Karo linyonywe tope linapofika theluthi moja ya kina, na liwe na mdomo wenye mfuniko ambapo bomba la gari la majitaka linaweza kupita. Shimo na kisima viachane mita 30 au zaidi. Kutapisha choo mvua ikinyesha, yaani kuachia tope lake litoke na maji, ni kumpelekea jirani kipindupindu, na sheria inakataza.

Na ile hela ya paketi, iwekeni kando kila mwezi. Gari la majitaka halikopeshi.